Mashine Iliyosahau Majina

Mwishoni mwa miaka ya tisini nilikuwa mhazili katika mradi mmoja wa mpunga pale Ifakara. Nilikuwa nimesomea taipu kwa masista upande wa Mahenge, na taipu ndiyo iliyonipatia kazi. Siku kompyuta zilipoletwa, Mkurugenzi alituita wote, akauliza ni nani kati yetu asiyeziogopa. Wenzangu walirudi nyuma. Mimi nilichelewa kurudi. Hivyo ndivyo nilivyokuwa mtaalamu wa kompyuta wa mradi.

Mkurugenzi alikuwa bwana shamba kwa elimu, mtu mnene, mpole, mwenye sauti kubwa. Aliamini kwamba sauti ya simu inapaswa kulingana na umbali. Akimpigia mtu wa Morogoro alipaza kidogo, akimpigia mtu wa Dar es Salaam alipiga kelele mpaka kuku waliokuwa chini ya dirisha wakatawanyika. Tulimwita Mzee, naye alipenda, ingawa umri wake haukuwa umefika huko.

Mwenzangu mwingine alikuwa Mama Mhasibu. Huyu alikuwa Mpogoro mrefu, mkali kwenye stakabadhi, na kwenye kwaya ya parokia ndiye aliyekuwa mwanzishaji wa nyimbo. Akianzisha wimbo, hata walioketi nje ya kanisa walisimama.

Basi makao makuu yetu, yaliyokuwa Dar, yakaamua kwamba tuunganishwe nao kwa kitu kinachoitwa VPN. Wakaja mafundi, wakasimika dishi kwenye nguzo ya chuma nyuma ya ofisi, wakatandaza nyaya vyumba vyote, wakaondoka. Kazi ya kueleza VPN ni nini ikabaki kwangu.

“Mzee,” nikamwambia, “mtandao ni barabara ya watu wote. VPN ni kama bomba letu wenyewe linalopita ndani ya barabara hiyo. Kinachopita ndani hakionekani na wapita njia. Kompyuta yako iko hapa, lakini inajiona kama imekaa ofisini Dar.”

Mzee akaitazama kompyuta yake kwa wivu. “Yenyewe iko Dar?”

“Kama vile iko Dar.”

“Na mimi?”

“Wewe uko Ifakara, Mzee.”

Mzee akakipangusa kioo kwa kiganja. “Haya,” akasema. “Iulize huko Dar kuna habari gani.”

Nikaandika jina la seva, ile kompyuta kuu ya Dar inayotunza mafaili, nikabonyeza. Tukasubiri. Mzee akavuta kiti. Tukasubiri tena. Mama Mhasibu akaingia, akauliza tunaangalia nini, tukamwambia tunaangalia Dar, naye akasimama nyuma yetu. Hakukuwa na kitu ila kile kialama cha saa ya mchanga kinachogeuka kwenye kioo. Mwishowe, tulipokwisha kuzungumzia mvua, bei ya mbolea na harusi ya binti wa jirani, mafaili ya Dar yakatokea yote kwa mpigo, kana kwamba yalikuwa nyuma ya mlango yakitusikiliza.

“Yamefika!” Mzee akapiga makofi.

Tulifurahi siku ile. Kesho yake tulifurahi kidogo. Baada ya hapo kila mtu alianza kutafuta cha kufanya wakati wa kusubiri. Mama Mhasibu alileta ungo wa mchele, akawa anabonyeza jina la seva kisha anachambua mawe. Mzee aligeuza muda ule kuwa wa kusalimia watu: anabonyeza, anatoka, anazunguka ofisi nzima, “Habari za nyumbani? Watoto hawajambo?”, halafu anarudi mbio. Kama dirisha la mafaili kwenye kioo lilikuwa halijafunguka, alilihimiza kwa upole kama anayemwita mgeni mwenye haya: “Karibu. Karibu ndani. Usiogope.”

Kilichonishangaza mimi ni kwamba faili likishaanza kuja, lilikuja vizuri tu. Dishi halikuwa bovu. Taabu ilikuwa mwanzoni, pale tunapoita seva kwa jina, kana kwamba kompyuta imelisahau. Nilimweleza Mzee hilo, lakini yeye alikuwa ameshapata mshtakiwa wake.

Mshtakiwa alikuwa fahali. Jirani yetu wa nyuma alikuwa mfugaji wa Kisukuma aliyehamia bondeni na ng'ombe zake, bwana mmoja mtaratibu mwenye kofia ya pama na fimbo ndefu. Fahali wake mkubwa alikuwa na tabia ya kuja kujikuna shingo kwenye nguzo ya dishi letu. Mzee alimwona kwa dirisha asubuhi moja, wakati huo huo anaisubiri Dar, na hapo hapo akaruka.

“Huyo! Huyo ndiye anayekula majina yetu!”

Akatoka, mimi nyuma yake. Mfugaji alikuwa amesimama upande wa pili wa uzio wa matete. Walisalimiana kwa kirefu, maana Mzee hata akikasirika hakuruka salamu. Kisha akasema, “Ndugu yangu, fahali wako anatutenga na Dar es Salaam.”

Mfugaji akamtazama fahali, akamtazama Mzee. “Anawatenga vipi?”

“Akijikuna, dishi linatikisika. Likitikisika, kompyuta inasahau majina.”

“Kompyuta inaumwa?”

“Tuseme inaumwa.”

“Pole sana,” akasema mfugaji, na ilionekana pole imemtoka moyoni. “Nitamhamisha.”

Akamhamisha siku ile ile, akamfunga mbali upande wa mtoni. Tukarudi ndani, nikaandika jina la seva, na tukasubiri vilevile kama jana. Mzee hakukubali. Akasema nguzo bado imepigwa na mshtuko, tuipe muda.

Kuanzia hapo mfugaji akawa anapita kila asubuhi kumjulia hali mgonjwa. Anasimama dirishani, anavua kofia. “Mgonjwa anaendeleaje?”

“Bado anasahau,” namjibu.

“Anakula?”

Sikujua kompyuta inakula nini, nikamwambia inakula umeme. Akaniuliza kama inaupata wa kutosha. Nikamwambia hapana, umeme unakatika kila mara. Akatikisa kichwa. Siku ya tatu alileta kibuyu cha maziwa mgando, akasema ni ya wauguzi. Mama Mhasibu alikipokea kwa mikono miwili, na tangu hapo hakupenda mtu yeyote aseme vibaya juu ya fahali yule.

Nikaona sasa niende kwenye simu. Makao makuu kulikuwa na fundi wao wa mtandao, mwanamume niliyemjua kwa sauti tu. Sauti ya polepole, ya mtu anayeongea huku anakunywa chai. Nilimwelezea yote, ila fahali sikumtaja.

“Dada,” akasema, “fanya hivi. Usiandike jina la seva. Andika namba yake.”

Akanisomea namba: kumi, nukta, sifuri, nukta, mbili, nukta, tisa. Nikaiandika, nikabonyeza, na kabla sijaondoa kidole dirisha likafunguka. Nilipiga kelele. Mama Mhasibu akamwaga ungo.

“Umeona?” akasema fundi. “Njia ni nzima. Tatizo ni majina. Kompyuta kwa asili haijui majina, inajua namba. Ukiipa jina, inakwenda kwanza kuuliza kwenye seva ya majina: huyu bwana namba yake ngapi? Ikishajibiwa ndipo inapokwenda. Yenu inakwama kwenye kuuliza.”

“Inamuuliza nani?”

“Inaniuliza mimi huku. Nina maana, seva yangu. Lakini seva yangu ni nzima kabisa, hapa tunaitumia wote. Ngoja nilitazame hilo bomba.”

Alilitazama bomba kwa muda mrefu. Kila siku alinipigia na dawa mpya: zima, washa, punguza hiki, ongeza kile. Bomba lilibaki bomba. Wakati tunamngoja, Mzee alitoa amri kwamba majina yapumzishwe ofisini, watu watumie namba.

Alilichukulia jambo hilo kwa moyo mmoja kupita kiasi. Ukimuuliza barua imetoka wapi, anajibu, “Imetoka kumi nukta sifuri nukta mbili nukta tisa.” Mgeni mmoja kutoka Namawala aliyekuja kuomba mbegu alidhani anatajiwa aya ya Biblia, akainamisha kichwa.

Mama Mhasibu namba hazikumkaa kichwani kama namba. Za hesabu alizishika, kwa sababu zilikuwa na maana. Hizi, alisema, ni za kihuni, hazijumlishiki. Kwa hiyo akazitia kwenye tuni. Alichagua tuni ya wimbo wa maingilio, ule unaoimbwa na kwaya padre anapopanda altareni, na nukta akaifanya iwe inavutwa kwa madaha: *kumi nuuukta, sifuri nuuukta*. Wimbo ulikuwa mtamu. Baada ya siku chache ofisi nzima ilikuwa inauimba, Mzee kwa besi. Hata mfugaji kule dirishani alijua pa kuitikia.

Mnaona tulikokuwa tunaelekea. Jumapili moja mimi nilikuwa benchi la nyuma. Kengele ikalia, padre na watumishi wake wakatoka sakristia, kwaya ikasimama. Mama Mhasibu akajaza kifua hewa, akainua uso kama kawaida yake, na kwa sauti ile inayofika barabarani akaanzisha:

“Kumi nuuukta!”

Kwaya ilikuwa imezoea kumfuata bila maswali. Sauti ya pili ikaingia pale pale, ikaitikia kwa yale maneno ya wimbo wa kweli, huku yeye anaendelea na sifuri. Wakagongana katikati. Padre alipunguza mwendo. Mzee, aliyekuwa benchi la mbele na familia yake, alikuwa amekwisha kufungua mdomo na kutoa besi, “sifuri nuuukta”, kabla mkewe hajamfinya. Mama Mhasibu alisimama kidogo, akaanza upya kwa maneno ya haki, na misa ikaendelea. Lakini niliona mabega ya padre yakitikisika mpaka alipofika altareni, na haikuwa kwa ibada.

Jumatatu Mama Mhasibu aliingia ofisini bila salamu. Akaweka mkoba, akasimama mbele ya meza yangu.

“Dada, mwite huyo fundi wako. Aje mwenyewe, kwa miguu yake. Mimi namba sitaki tena. Nimemwaibisha Mungu.”

“Mungu anaelewa, Mama.”

“Mungu anaelewa. Sauti ya pili hawaelewi.”

Isitoshe, namba hazikuwa dawa kamili. Zilifungua mlango wa mbele tu. Ukishaingia, kila kitu ndani kilimtaja mwenzake kwa jina, na kwa kila jina tukaanza kusubiri upya. Kwa hiyo nilipiga simu, Mzee akaninyang'anya mkono wa simu na kusema yeye mwenyewe, kwa sauti ya umbali wa Dar, na nadhani fundi alikubali kuja ili aokoe sikio lake.

Ilikuwa masika. Basi lake lilizama kwenye tope mbele kidogo ya Mkula, abiria wakateremka kulisukuma, na alipotufikia siku ya pili yake, tope lilikuwa limekauka juu yake mpaka kola. Sauti ilikuwa ile ile ya chai. Mzee akamkumbatia hivyo hivyo na tope lake, Mama Mhasibu akamwekea maji ya kuoga na sahani ya wali na kambale, na baada ya kula akaomba kuonyeshwa mgonjwa. Mfugaji alikuwa amekwisha kufika dirishani na kofia yake mkononi.

Fundi akakaa kwenye kompyuta yangu, akafungua dirisha la mipangilio ambalo mimi nilikuwa nimekatazwa kuligusa. Akasoma. “Dada,” akasema, “niliambiwa mashine zenu zinaniuliza mimi. Kumbe mimi ni wa pili. Kuna mtu zinamuuliza kwanza.”

“Nani?”

“Sijui. Ana namba ya hapa hapa ofisini.” Akagonga kioo kwa kidole. “Wale mafundi waliofunga mtandao walikuwa wameleta kamashine kadogo ka kutunza majina, sivyo?”

Kalikuwapo, nikamwambia, lakini kaliungua na radi wiki ile ile mafundi walipoondoka, kabla hatujaita Dar hata mara moja, tukakapeleka stoo.

“Basi. Mashine zenu hazikupewa taarifa ya msiba. Ukiandika jina, zinakwenda kumuuliza marehemu. Zinangoja. Zinamuuliza tena. Zinangoja. Zikichoka ndipo zinapokuja kwangu, na mimi nazijibu mara moja. Halafu jina linalofuata, zinarudi kwa marehemu.”

Mzee alivua miwani. “Maskini,” akasema.

“Lakini kuna jambo silielewi,” fundi akaendelea. Aliandika amri fulani, na mistari ikaanza kushuka kwenye kioo, mmoja baada ya mwingine. “Namgongea mlango, naye anaitika. Kwamba yupo. Ila ukimuuliza jina, hasemi neno.”

 Mama Mhasibu akafanya ishara ya msalaba. Mfugaji akavaa kofia yake.

“Marehemu anaitika?” Mzee akauliza kwa sauti ya umbali wa chumba kimoja, sauti ambayo sikuwa nimewahi kuisikia kwake.

“Siyo marehemu, Mzee. Kuna kitu kingine humu ndani kimechukua namba yake. Hebu tuchomoe waya mmoja mmoja. Hii mistari ikikoma, tumempata.”

Tukaanza msako. Mimi nilibaki kwenye kioo, fundi akaenda chumba kwa chumba, na Mzee akasimama mlangoni kupitisha habari. Fundi alichomoa waya wa Mama Mhasibu. “Anaitika bado!” nikasema. “ANAITIKA BADO!” Mzee akapaza. Akachomoa wa Mzee mwenyewe. Bado. Akachomoa wa bwana stoo. Bado. Zilikuwa zimekwisha kompyuta zote isipokuwa yangu, na jasho lilianza kunitoka nikifikiri labda ni mimi.

Kisha mistari ikakoma.

“Amekufa!” nikasema.

“AMEKUFA!” Mzee akapaza, na mpishi wetu akatoka jikoni mbio akiuliza nani.

Tulimkuta fundi kwenye korido ameshika waya mkononi. Mbele yake, juu ya kimeza chake, ilikuwa printa. Printa yetu kubwa ya rangi ya maziwa, iliyokuwa na kitambaa cha kufuma mgongoni, kazi ya mikono ya Mama Mhasibu.

“Huyu,” akasema fundi. “Mmekuwa mnaiuliza printa Dar iko wapi.”

Mzee aliitazama printa kwa muda. “Na ilijibu nini?”

“Haikujibu kitu, Mzee. Yenyewe ni printa.”

“Afadhali. Ingejibu, leo leo ningeacha kazi.”

Mama Mhasibu hakucheka. Alisogea mbele, mikono kiunoni, vile anavyosimama akiletewa stakabadhi iliyofutwa futwa. “Ninachotaka kujua mimi ni nani aliyeipa printa namba ya marehemu.”

Tukatazamana. Mimi nilikumbuka vizuri. Printa ilipofika nilikuwa nimepiga simu Dar kuomba namba ya kuiwekea, na sauti moja ya polepole ikaniambia, weka hii hapa, haina mtu. Lakini mgeni ni mgeni, na huyu alikuwa bado ana tope masikioni. Nikaangalia sakafu.

Fundi alikohoa. Akaangalia waya. Akakohoa tena. “Namba hii,” akasema, “nadhani nilimpa dada mimi.”

 Halafu Mzee akaanza kucheka, polepole, tumbo kwanza, kisha kifua, mpaka akashikilia ukuta. Na fundi naye akacheka, na yule mpishi ambaye alikuwa bado anangoja kuambiwa nani amekufa akacheka zaidi ya wote. Mama Mhasibu alijitahidi kukaza uso, akashindwa, akatoka nje akijipepea na upande wa khanga.

Kazi ya kurekebisha haikuchukua muda. Fundi alizunguka kila kompyuta akaifuta namba ya marehemu iliyokuwa mwanzoni, akaiweka seva ya Dar iwe ya kwanza kuulizwa. Printa ilipewa namba yake halali. Kisha akaniambia nikae mimi, niandike jina la seva, kwa herufi.

Nikaandika. Dirisha likafunguka palepale. Mzee alikuwa ndiyo kwanza amegeuka kwenda kusalimia watu. Ikabidi arudi na mguu hewani.

Mfugaji aliipokea habari ya kupona kwa furaha, akauliza jambo moja tu, kama fahali sasa anaweza kurudi. Mzee alimwomba radhi fahali kwa mdomo wake mwenyewe, mbele yetu sote, na jioni ile fahali alikuwa kwenye nguzo anajikuna kwa raha za mtu aliyetoka kifungoni.

Fundi alikaa nasi siku mbili zaidi akisema anachunguza bomba, lakini nadhani alikuwa anachunguza kambale. Alipoondoka tulibaki na mtandao mzuri kuliko wote bondeni, tukajivuna nao kwa wiki nzima. Ndipo tulipogundua kwamba njia ikiwa nyepesi kwenda, ni nyepesi pia kuja. Dar, ambao zamani walitukumbuka mara moja kwa mwezi, sasa walitukumbuka asubuhi, mchana, na baada ya chai. Walitaka takwimu za mbegu. Walitaka mpango kazi. Walitaka maoni yetu juu ya mpango kazi.

Mchana mmoja simu ililia. Ilikuwa sauti ya mama mmoja wa makao makuu, anauliza maoni hayo yako wapi. Nikaziba mkono wa simu kwa kiganja, nikamtazama Mzee, aliyekuwa anakula ndizi.

“MWAMBIE NIMEKWENDA SHAMBANI MCHOMBE!” akasema.

Nikaondoa kiganja. “Mama, Mkurugenzi amekwenda shambani Mchombe.”

“Ndiyo,” akasema yule mama. “Nimemsikia.”